Shija haui askari

Watu wanaotaka kuandika riwaya za mapigano wakinipigia simu, wengi huanza na bunduki. Bastola ya aina gani, inabeba risasi ngapi, mlio wake ndani ya chumba ukoje. Huwa nawajibu kwamba habari za bunduki unazipata jioni moja ukikaa na askari mstaafu na birika la chai. Kazi iko kwa mtu wa kuishika: mtu anayejichukulia sheria mkononi, na bado msomaji wa Kitanzania akamfuata kitabu hadi kitabu bila kumwogopa wala kumcheka. Kumpata huyo kulinila hela ya kodi ya nyumba, kukanigombanisha na mhariri, na karibu nusu ya mswada wa kwanza ikaishia kuwashia jiko. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ana daftari lake, ana komando wake, na bado hajapeleka kitu kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu.

Nilianzia kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa pembeni mwa barabara pale Posta, Dar es Salaam. Kati ya vitabu vya uhasibu na Biblia za Kiingereza kulikuwa na vijitabu vya kuingia mfuko wa nyuma wa suruali, karatasi zimegeuka rangi ya chai, kila kimoja kina namba yake. Vingine havikuwa na jalada. Sababu nilikuja kuijua baadaye. Kule Marekani vitabu hivi vilisambazwa pamoja na magazeti, vikauzwa kwenye maduka ya dawa na vituo vya mabasi, na kisichouzwa hakikurudishwa kizima. Muuzaji alichana jalada akalirudisha hilo peke yake ili asitozwe, na kilichobaki kilitakiwa kwenda kusagwa. Vingine vilitoroka. Nilivinunua kwa jero, baadaye kwa buku, nikavisoma nimesimama kwenye daladala ya Mbagala.

Shujaa wa vingi kati ya hivyo alikuwa Mack Bolan, aliyebuniwa na Don Pendleton mwaka 1969. Bolan ni mdunguaji wa jeshi la Marekani huko Vietnam. Anarudi nyumbani, mji wa Pittsfield katika jimbo la Massachusetts, kuzika. Baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, alikopa kwa watu wa Mafia, riba ikamlemea, binti yake akaingia kwenye kujiuza ili kupunguza deni. Mzee alipojua akachukua bunduki, akawapiga mkewe, binti yake na mwanawe mdogo, kisha akajimaliza. Aliyepona ni yule mdogo wa kiume. Askari aliyefundishwa kuua maadui wasiojulikana majina ng'ambo ya bahari anakuta maadui wa nyumbani kwake wana majina na ofisi, na hakuna anayewagusa. Yaliyofuata yalijaza zaidi ya vitabu 400.

Nilipokisoma hicho cha kwanza nilikuwa nimepanga chumba kimoja, na jirani yangu wa mlango wa tatu alikuwa amebebewa jokofu na makochi na watu wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza. Kwa msomaji wa Kenya, ndio hao mnaowaita mashailoki. Walikuja asubuhi na kirikuu, wakamtaka mwenyewe awasaidie kushika upande mmoja wa kochi ili lipite mlangoni, naye akashika. Sikuhitaji kutafuta kisa kingine.

Kabla ya kuandika nilifanya jambo moja ambalo mpaka leo namshauri kila mtu alifanye: nilivisoma upya na kalamu mkononi, siyo kwa utamu, kwa ufundi. Bolan hakuota kama uyoga. Nyuma yake kuna majarida ya miaka ya 1930 yaliyochapwa kwenye karatasi duni ya massa ya mbao: The Shadow lililoanza mwaka 1931, Doc Savage mwaka 1933. Waandishi wake walilipwa kwa neno, nao waliandika kama wenye deni. Walter Gibson, aliyeficha jina lake nyuma ya jina Maxwell Grant, aliandika visa 282 kati ya 325 vya The Shadow, na kwa miaka mingi jarida lilitoka mara mbili kwa mwezi. Majarida yote mawili yalikufa mwaka 1949, vitabu vya mfukoni vikachukua nafasi. Baada ya Bolan wakafuata wengi: Remo Williams mwaka 1971, polisi wa Newark aliyebambikiwa kesi ya mauaji, akakalishwa kwenye kiti cha umeme ambacho hakikufanya kazi, kisha akafundwa na mzee wa Kikorea mwenye dharau kwa kila kiumbe; halafu Punisher wa vitabu vya katuni, mwaka 1974; na mwaka 1997 Jack Reacher, meja wa zamani wa polisi wa jeshi, asiye na nyumba wala begi.

Kalamu yangu ilinionyesha kwamba hawa wote wana kidonda, na nikadhani kidonda ndicho siri. Basi nikamjeruhi wangu. Nikamwita Shija, kijana wa Shinyanga, askari aliyekwenda Congo na kikosi cha Umoja wa Mataifa mwaka 2013 na kurudi akiwa na kovu shingoni. Mama yake ni fundi cherehani Mbagala. Amekopa laki tatu za kausha damu ili anunue vitambaa vya sare za shule, na Shija anaporudi anakuta cherehani haipo na mama yuko wodini na shinikizo la damu. Mpaka hapo ni sawa, na sura hizo hazijabadilika tangu siku ile. Kuanzia sura ya tatu Shija wangu alikuwa anatembea na bunduki mbili.

Mhariri wangu ni mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, anayetumia kalamu nyekundu bila huruma. Pembeni mwa sura ya tatu aliandika: "Hii kaitoa wapi?" Kurasa chache mbele: "Na hii?" Nilikwenda kwake nikiwa nimevimba, nikamwambia mama, hii ni riwaya, wasomaji hawaulizi hayo. Akanijibu, "Mwanangu, mume wangu alikuwa mwanajeshi. Bunduki ilikuwa inarudi ghalani kabla yeye hajarudi nyumbani."

Alikuwa na haki. Bolan ananunua na kupora silaha katika nchi ambayo bunduki zinauzwa dukani, na msomaji wake haoni ajabu. Hapa kwetu raia akionekana na bastola kiunoni, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi, na kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inayomngoja. Ukimpa shujaa wako bunduki bila kuonyesha ilikotoka, msomaji anajua hapo hapo kwamba umeiga sinema. Kwa hiyo nilimnyang'anya Shija zote mbili, na kumbe ndipo kitabu kilipoanza kupumua. Mtu asiye na bunduki inabidi afikiri. Nilikaa na watu waliowahi kukopa, nikauliza kitu kimoja tu: hawa jamaa wanaogopa kupoteza nini? Wote walinitajia daftari.

Sura ninayoipenda kuliko zote ilitoka hapo. Shija anaingia usiku kwenye ofisi ya mkopeshaji kwa njia ya dari, anamulika kwa simu. Juu ya meza kuna kaunta buku, jalada jeusi, kona nyekundu. Kila ukurasa ni mama mmoja: jina, kiasi, tarehe za rejesho, dole gumba la wino wa zambarau. Kwenye kila ukurasa imefungwa kwa mpira kadi ya benki ya mwenyewe, na juu ya kadi pamebandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa namba ya siri. Anatafuta ukurasa wa mama yake. Anakuta rejesho la mwisho limewekwa tiki siku ambayo mama alikuwa tayari amelazwa. Nani alilipa? Sura inaishia hapo. Hakuna ngumi iliyorushwa, na ndiyo sura iliyoniletea wasomaji wengi kuliko zote.

Ushauri wangu hapo ni mfupi: kabla hujamuuliza mtu kuhusu silaha, muulize adui yako anaweka wapi karatasi zake.

Sasa nifike kwenye lililoniumiza. Nilikuwa nimeanza kuitoa hadithi kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp, buku kwa wiki. Katika sura ya saba Shija anamkamata mkusanya madeni mmoja sokoni, yule anayejulikana kwa kuwatukana akina mama. Hampigi. Anapaza sauti "Mwizi!" na kumwachia umati. Niliiandika kwa kujivunia. Niliona nimepata shujaa wa kwetu kabisa, anayetumia silaha iliyopo kila mtaa. Kundi lilijaa alama za moto na makofi. Mtu mmoja akaandika, "Hapo ndo penyewe mwandishi, wachomwe wote."

Usiku dada mmoja aliniandikia pembeni. Hakunitukana. Alisema mdogo wake alikuwa dereva wa bodaboda, kuna mtu alimnyooshea kidole na kusema mwizi, na pikipiki ilikuwa ya kwake mwenyewe, kadi ipo nyumbani mpaka leo. Akaniomba nimtoe kwenye kundi. Hela yake alisema nisimrudishie.

Msomaji wa Ohio anaposoma Bolan, kujichukulia sheria ni ndoto ya mchana. Yeye mwenyewe akiibiwa atapiga simu polisi na bima. Sisi tumekulia na gazeti linaloandika "wananchi wenye hasira kali" kama vile linataja hali ya hewa. Tairi tunalijua, na harufu tunaijua. Mimi baba yangu alibeba upinde wa sungusungu. Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walikuwa wanaibwa mpaka watu wanalala zizini, na vijiji vilipojipanga kwa filimbi, mishale na yowe linalopokewa kilima hadi kilima, ng'ombe walipona. Baba aliyasema hayo kwa fahari, na alistahili. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulisimulia mbele ya wageni: vikao vile vile vilivyowahukumu wezi viliwahukumu pia vikongwe kwa uchawi. Wezi walikamatwa na ng'ombe. Vikongwe walikamatwa na macho mekundu, ambayo yeyote aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini anayo.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya Posta kutafuta nilichokiruka. Kilikuwa wazi muda wote. Bolan hampigi polisi. Wanamsaka kila mji, wanamfyatulia, na yeye anakimbia au anajificha, kwa sababu kwenye hesabu yake polisi ni askari wa upande wake. Nililiona hilo tangu mwanzo nikalichukulia kama pambo, kumbe kitabu kizima kinazunguka hapo. Mtu anayeua bila amri ya mahakama anabaki kuwa shujaa kwa sababu tu kuna kitu ambacho hatakifanya hata kikimgharimu maisha, na msomaji anakijua kitu hicho kwa jina. Brian Garfield aliliona kwa upande wa pili. Mwaka 1972 aliandika riwaya ya mhasibu wa New York ambaye mkewe anauawa naye anaanza kuwawinda wahuni usiku. Garfield alitaka msomaji amwogope mtu huyo. Mwaka 1974 ikatengenezwa filamu, Charles Bronson akawa ndiye, watu wakashangilia kumbini. Garfield hakufurahi hata kidogo, akaandika kitabu cha pili kujibu. Mwandishi anaweza kudhani anaonya, kumbe anapiga vigelegele. Kwenye kundi langu vigelegele nilivisikia mwenyewe.

Niliitoa sura ya saba, na zilizofuata zikaporomoka kama mbili, tatu, kwa sababu zote ziliegemea pale. Nikamwandikia Shija masharti kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na nayafuata mpaka leo. Haui askari, hata yule aliyehongwa, huyo anamwanika. Hamkabidhi mtu kwa umati. Hamgusi mtu kwa neno la shahidi mmoja. Hili la tatu ndilo linalonitesa zaidi mezani, maana linanilazimisha kutafuta shahidi wa pili katikati ya mbio, na mara nyingi shahidi huyo anakuwa mtu bora kuliko niliyemkusudia. Muuza genge wa sura ya kumi alizaliwa hivyo. Sasa ana wapenzi wake, wananiuliza lini atarudi.

Halafu kuna wasomaji wanaosahau kwamba Shija hayupo. Mzee mmoja wa Morogoro alinipigia, sauti ya heshima kabisa, akasema, "Kijana wangu, naomba namba ya huyo bwana Shija." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ana kiwanja, kuna mtu kakizungushia ukuta. Nikamweleza kwa upole kwamba huyo ni mtu wa hadithini, na nikamshauri aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huko ndiko nilikotoka."

Sikuwa na la kumjibu. Ila nilielewa kwa nini mashujaa wetu wa zamani hawafanani na Bolan. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetoka mwaka 1974, ni mtu wa serikali: ana bosi, ana tiketi ya ndege, na maadui zake ni Makaburu na vibaraka wao. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Adui alitoka nje, na dola ilikuwa upande wako. Joram Kiango wa Ben Mtobwa hana bosi, lakini simu ya Inspekta Kombora anaipokea. Adui wa Shija yuko mtaa wa pili, ana leseni ukutani na stakabadhi mkononi. Huwezi kumtuma Willy Gamba akamkamate. Ukitaka kuandika shujaa wa leo, kaa kwanza uamue adui yako anatoka wapi, maana hapo ndipo utajua kama shujaa wako aajiriwe au awe peke yake. Ajabu ni kwamba Bolan mwenyewe aliishia kuajiriwa. Pendleton alipoandika 37 kati ya vitabu 38 vya mwanzo, mwaka 1980 aliliuza jina kwa kampuni ya Harlequin, na kwenye chapa yao ya Gold Eagle waandishi wengine wakamwingiza Bolan kwenye vita vya siri vya serikali dhidi ya magaidi. Silaha ziliongezeka. Mimi naona mtu alipungua.

Kuhusu uandishi wenyewe sitakaa sana. Lester Dent, aliyeandika vingi vya Doc Savage, aliacha mpangilio wake hadharani: kisa cha maneno 6,000 kigawe mara nne, kila robo maneno 1,500, kila robo shujaa apate balaa jipya na mwisho wake mambo yageuke, na robo ya mwisho ajitoe kwa akili yake mwenyewe. Nimeujaribu kwa vipande vya WhatsApp na unafanya kazi, mradi usiuache uonekane. Wasomaji wa kwetu wamezoea "itaendelea" tangu enzi za magazeti, wanajua kabisa unapowachezea. Arosto nzuri, yaani ile hamu unayomwachia msomaji mwisho wa kipande, ni swali, kama lile la nani kalipa rejesho. Arosto mbaya ni mlio wa risasi gizani halafu kesho inakuwa tairi la lori limepasuka. Fanya hivyo mara moja watakusamehe; mara ya pili wanaacha kutuma buku.

Na usianze kutoa hadithi kwa vipande kama huna akiba. Mwanangu alilazwa na malaria katikati ya msimu, mimi nilikuwa naandika cha leo kwa ajili ya leo, na kundi likageuka kama baraza la wadai. Kuna aliyeniambia mimi ndiye kausha damu. Sasa sifungui kundi kabla hadithi haijaisha yote kwenye faili.

Kiwandani ndiko hela ilikokwenda. Nilitaka kitabu changu kiwe na umbo lile lile la mfukoni, upana sentimita 11 na urefu 18. Mpiga chapa alinionyesha karatasi kubwa, akaikunja mbele yangu na kuniambia saizi hiyo inamwachia vipande vya kutupa pembeni, na vipande hivyo navilipia mimi. Nikang'ang'ania. Using'ang'anie. A5 inakatika vizuri na wauzaji wameizoea. Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: kurasa zinachapwa kwa mafungu, mara nyingi 16. Kitabu changu kilitoka kurasa 163, kwa hiyo nililipia 176, na kurasa 13 za mwisho zilibaki nyeupe. Ningepunguza kurasa tatu nikabaki na 160, au ningejaza zile tupu kwa sura ya kwanza ya kitabu kinachofuata, kama walivyofanya wachapishaji wa vitabu vile vya Posta. Namba ya ISBN niliipata Bodi ya Huduma za Maktaba, hiyo haikunisumbua.

Nilichapa nakala 500, na zote zilikuja nyumbani kwa bajaji mbili. Mke wangu aliangalia maboksi, akaangalia kitanda, akauliza yatalala wapi. Duka moja la vitabu lilichukua nakala 60 kwa mali kauli, wao wakikata asilimia 40, na hesabu yake bado naisubiri. Walioniokoa ni machinga wanaoingia kwenye mabasi kituo cha Magufuli pale Mbezi. Wanakupunja bei, lakini wanalipa taslimu asubuhi, na jioni wanakwambia ukweli ambao duka halikwambii: abiria wa Mwanza wanakipenda, wa Arusha wanauliza kama kuna cha mapenzi. Waliniambia pia jalada langu lina giza mno, ndani ya basi halionekani. Chapa ya pili ina manjano.

Halafu wizi. Siku moja nilitumiwa kiungo, nikafungua, nikamsikia Shija anasimuliwa YouTube kwa sauti nzito na muziki wa huzuni nyuma, jina la hadithi limebadilishwa na langu halipo. Watazamaji wake walikuwa wengi kuliko wasomaji wote niliowahi kuwa nao. Nilikuwa nimesajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na cheti hicho kilinipa pa kusimamia. Bila hicho ungekuwa ubishi wa mitandaoni. Nilimpata msimuliaji. Kijana wa chuo, anarekodia kabatini amejifunika blanketi. Ningeweza kuifungia chaneli yake, na wenzangu wengi waliniambia nifanye hivyo. Tukakubaliana abaki na vipande sita vya mwanzo, ataje jina langu na namba ya simu mwanzo na mwisho, vingine avifute. Nusu ya wanaonunua sasa wanasema wamenisikia kwake. Sisemi kila mwizi ashikwe mkono hivyo. Yupo mwingine ambaye nilimripoti bila kumsalimia.

Hivi karibuni vijana wawili walinijia na wazo la kuandika Shija kwa zamu, jina langu libaki juu, tutoe kitabu kila mwezi. Ndivyo walivyofanya Gold Eagle, na jina la Pendleton lilikaa kwenye majalada miaka mingi baada ya yeye kuacha kuandika, mpaka mfululizo ulipofungwa mwaka 2020. Niliwauliza vijana Shija hafanyi nini. Wakanitajia anachofanya, kwa ufasaha kabisa, mapigo na yote. Nimewaambia wabuni mtu wao, nitawasaidia kumhariri bure.

Kitabu cha pili kina kurasa 160, A5, kiko kwa mkataji. Bei ni 8,000 kwa mkono na 10,000 dukani. Wa mikoani natuma kwa basi, na nauli ya kifurushi ni juu yenu.